Kitambi, Mafuta Kwenye Damu na Figo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akiambiwa mafuta yamezidi kwenye damu, moyo ndio unaomjia kichwani. Kitambi kikikua, anawaza presha na kisukari. Figo husahaulika, na zenyewe hazina tabia ya kulalamika, kwa hiyo miaka inapita kimya kimya. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi tena na tena kutoka kwa watu walioshika majibu ya maabara mkononi wasijue waanze kusoma wapi. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo naona wengi wanakosea, na kwa kifupi pale ambapo jibu lenyewe ni fupi.

Kitambi kiko mbele, figo ziko mgongoni. Vinahusiana vipi?

Tumbo lina mafuta ya aina mbili. Yapo yale unayoweza kuyafinya kwa vidole. Hayo yako chini ya ngozi na madhara yake ni madogo ukiyalinganisha na wenzake. Mengine hayafinyiki. Yako ndani kabisa, nyuma ya misuli ya tumbo, yamezunguka utumbo, yamejipenyeza kwenye ini na yamezifunika figo zenyewe. Hayo ndiyo ninayoyakusudia kila ninapotaja kitambi hapa.

Mafuta hayo ya ndani hayazidhuru figo kwa njia moja. Kuna kubana: yakijaa pembeni mwa figo na kwenye lile bonde ambamo mishipa ya damu huingilia, yanakandamiza mishipa na mirija ya mkojo. Figo iliyobanwa hujibu kwa kushikilia chumvi na maji, na presha inapanda. Ndiyo maana wapo watu wenye kitambi wanaomeza dawa za presha bila kukosa hata siku moja, na bado kipimo kinasoma juu.

Kisha kuna homoni. Mafuta si ghala lililolala. Yanatengeneza leptini, ambayo ikizidi huamsha mishipa ya fahamu inayopandisha presha. Yanatengeneza malighafi ya angiotensini, ambayo kazi yake ni kubana mishipa ya damu. Yanatoa kemikali zinazouweka mwili katika uvimbe wa chini kwa chini, usio na homa wala maumivu. Na wakati huohuo homoni moja nzuri, adiponektini, ambayo husaidia seli za chujio la figo zibaki imara, hupungua kadiri kitambi kinavyokua. Juu ya yote hayo insulini inaanza kudharauliwa na mwili, na njia ya kuelekea kisukari inafunguka.

Nimeambiwa figo zangu "zinafanya kazi kupita kiasi". Maana yake nini?

Kila figo ina vichujio vidogo sana, karibu milioni moja, na hesabu uliyozaliwa nayo haiongezeki. Kwa siku moja vichujio vya figo zote mbili hupitisha takribani lita 180 za maji kutoka kwenye damu. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachotoka kama mkojo ni lita moja hadi mbili tu.

Mwili ukinenepa, kazi huongezeka lakini vichujio ni vilevile. Basi kila kimoja kinatanuka na kusukumiwa damu kwa nguvu zaidi. Ukuta wa chujio umeshikiliwa na seli ziitwazo podosaiti, zenye vijiguu vilivyopishana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Katikati ya vidole hivyo ndipo maji hupita na protini huzuiwa. Sasa, podosaiti hazizaliani kuziba pengo la zile zilizokufa. Chujio likitanuka, zinavutwa, mwisho zinabanduka. Pale zilipobanduka protini inaanza kupenya, na baadaye panabaki kovu.

Hili si jambo la jana. Mwaka 1974 madaktari walichapisha taarifa za wagonjwa wanene sana waliokuwa wakipoteza protini nyingi kwenye mkojo, na leo ugonjwa huo una jina lake: ugonjwa wa vichujio vya figo utokanao na unene. Nataka hili liwekwe wazi, kwa sababu wengi hudhani figo haziwezi kuguswa mpaka kwanza upate kisukari au presha. Unene peke yake unatosha kuanzisha.

Nipimeje kiuno changu?

Kwanza usitaje saizi ya suruali. Wanaume wengi hunitajia namba iliyoandikwa kwenye suruali, na suruali yenyewe imefungwa chini ya kitambi, kwa hiyo namba haijabadilika kwa miaka 10 ilhali tumbo limebadilika.

Chukua futi ya kitambaa, ile ya fundi cherehani. Inua nguo. Simama wima, miguu imeachana kidogo. Papasa ubavuni mpaka uguse ukingo wa chini wa mbavu ya mwisho, kisha shuka mpaka uguse ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya sehemu hizo mbili ndipo futi inapopita. Izungushe ikiwa usawa mmoja mbele na nyuma. Kioo kinasaidia, maana mgongoni hupenda kupanda au kushuka. Isikaze hadi kuzama kwenye ngozi. Toa pumzi kama kawaida, na usome mwishoni mwa pumzi hiyo. Usivute tumbo ndani. Rudia mara ya pili.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari huhesabu kuwa ni kitambi ukifika sm 94 kwa mwanamume na sm 80 kwa mwanamke, kwa watu wa Ulaya na wa Afrika kusini mwa Sahara. Kwa wanaume wenye asili ya Asia Kusini mpaka ni sm 90. Miongozo ya Marekani ilizoea kutumia 102 na 88. Ukiona namba hizi zinakuchanganya, ipo kanuni rahisi ninayoipenda zaidi: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sm 168 anatakiwa abaki chini ya 84. Kanuni hii ni ileile kwa mwanamume na mwanamke.

Uzito wangu ni wa kawaida kabisa, ila tumbo limejitokeza. Hilo nalo ni tatizo?

Ndiyo. Mizani inajumlisha mfupa, misuli, maji na mafuta bila kusema kipi kiko wapi. Mtu mwembamba wa mikono na miguu mwenye tumbo la duara anaweza kuwa na mafuta mengi ya ndani kuliko mtu mnene wa mapaja na makalio. Ukipimwa uzito na urefu tu ukaambiwa uko sawa, omba na kiuno kipimwe.

Mafuta kwenye damu ni yapi, na yapi yanagusa figo?

Karatasi ya maabara huwa na mistari minne: kolesteroli yote kwa jumla (wengine huiita lehemu), LDL (ile lehemu inayojirundika kwenye kuta za mishipa), HDL na trigliseridi. Macho ya watu huenda kwenye ule wa jumla. Kwa habari ya figo na kitambi, mimi huanza na miwili ya mwisho.

Trigliseridi ni mafuta ya akiba yanayosafirishwa na damu. Kitambi huyamimina moja kwa moja kwenye ini kupitia mshipa unaotoka tumboni, na ini huyafunga upya na kuyarudisha kwenye damu. Kikomo kinachotumika sana ni 1.7 mmol/L, ambayo ni sawa na 150 mg/dL. HDL ndiyo inayosaidia kuondoa lehemu kwenye kuta za mishipa. Ikiwa chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke, ni ndogo. Trigliseridi ikiwa juu, HDL ikiwa chini na kiuno kikiwa kimepita kipimo, vitatu hivyo vikikutana kwa mtu mmoja, huenda figo zake zina kazi ya ziada, hata kama LDL inaonekana nzuri.

Ndani ya figo mafuta hufanya nini? Seli za mirija ya figo hutumia mafuta kama kuni zake kuu. Yakija kwa kiasi zinayachoma. Yakija mengi kuliko zinavyoweza kuchoma, yanabaki kama vitone ndani ya seli, zinachoka, zinatoa kemikali za uvimbe, na makovu huanza. Chujio likishaanza kuvuja mambo huzidi kuharibika, kwa sababu protini inayovuja, albumini, hubeba mafuta mgongoni mwake. Mirija ikijaribu kuirudisha albumini mwilini, inapokea na mzigo wa mafuta.

Wazo kwamba mafuta yenyewe yanaweza kuisukuma figo iharibike zaidi lilitolewa rasmi katika jarida la Lancet mwaka 1982. Sehemu ya wazo hilo imesimama vizuri, hasa kwa upande wa trigliseridi na HDL. Sehemu nyingine imekuwa ngumu kuthibitisha kwa dawa, kama utakavyoona kwenye swali la statini, dawa za kushusha lehemu.

Kipi kinatangulia: mafuta kuharibu figo, au figo mbovu kuharibu mafuta?

Vyote viwili, na hapo ndipo ugumu ulipo. Figo zikidhoofika, kimeng'enya kinachovunja trigliseridi kwenye damu huzuiwa, basi trigliseridi hupanda hata kama mtu hajabadilisha chakula. HDL hushuka, na ile inayobaki haifanyi kazi yake ipasavyo. LDL inaweza kusomeka kawaida huku chembe zake zikiwa ndogo na nzito, aina inayopenya kirahisi kwenye kuta za mishipa. Mgonjwa anayepoteza protini nyingi kwenye mkojo hupata hali tofauti: ini lake, likijaribu kufidia protini iliyopotea, hutoa mafuta mengi kwa pamoja, na kolesteroli inaweza kupanda sana.

Kwa hiyo mtu akija na mafuta yaliyopanda ghafla bila sababu ya wazi, sihukumu mlo wake kabla mkojo wake haujapimwa protini. Ni kipimo chepesi, na kinamwepusha mtu na lawama ambayo si yake.

Kreatinini yangu ni ya kawaida. Basi figo ziko salama?

Si lazima, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Kreatinini ni taka ya misuli. Figo huitoa, na zikishindwa inapanda. Lakini figo zina akiba kubwa, na unaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa kuchuja huku kreatinini ikiwa bado ndani ya mabano ya "kawaida".

Angalia mfano huu. Kijana wa kiume wa miaka 25 ana kreatinini ya 1.2 mg/dL, yaani 106 kwa kipimo cha mikromoli. Mama wa miaka 65 naye ana 1.2 ileile. Ukiingiza namba hizo kwenye kanuni inayotumika tangu 2021, kijana anapata uwezo wa kuchuja wa 86 na mama anapata 50. Namba ni ile ile, lakini mmoja yuko vizuri na mwingine, hali hiyo ikidumu miezi 3, ana ugonjwa wa figo. Huo uwezo wa kuchuja ndio ulioandikwa eGFR kwenye karatasi. Usiondoke maabara bila huo mstari. Kama haupo, daktari ataupata akiwa na umri wako, jinsia na kreatinini.

Chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi huitwa ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 15 ni figo kufeli. Lakini hata mwenye 90 na kuendelea anaweza kuwa na ugonjwa, kama mkojo wake unavujisha albumini. Ndiyo maana vipimo viwili havitenganishwi: eGFR kwa damu, na uwiano wa albumini na kreatinini kwa mkojo. Cha kwanza kinasema figo zinachuja kiasi gani. Cha pili kinasema chujio limetoboka au la. Kwa mtu mwenye kitambi, cha pili mara nyingi hubadilika mapema zaidi, na cha pili ndicho kinachosahaulika.

eGFR yangu ni 128. Daktari hakufurahi. Kwa nini?

Kwa sababu kwa mtu mwenye kitambi au kisukari, namba kubwa mno inaweza kuwa dalili ya vile vichujio vilivyotanuka na kusukumwa kwa nguvu. Miaka michache baadaye namba hiyo hushuka na kupita mahali pa "kawaida", na mtu akipimwa hapo huambiwa yuko sawa, kumbe yuko njiani kushuka. Kwa kijana mwenye afya na kiuno chembamba 128 inaweza isimaanishe chochote.

Kuna na jambo la hesabu. eGFR hurekebishwa kwa mwili wa eneo la mita za mraba 1.73. Mwenye mwili mkubwa sana huonekana anachuja kidogo kuliko anavyochuja kweli, kwa hiyo kazi ya ziada ya figo zake inaweza kufichika ndani ya namba inayovutia.

Mkojo wangu una povu. Ni protini?

Inawezekana. Povu la kawaida, la mkojo ulioanguka kwa kasi, lina mapovu makubwa na hupasuka upesi. La protini ni jepesi na laini kama la sabuni, linakaa, na wakati mwingine hata ukimwaga maji hubaki kidogo pembeni. Likijirudia siku nyingi, kapime.

Ila usilingoje povu. Albumini inapoanza kuvuja huwa ni kidogo sana, haitoi povu lolote. Uwiano wa chini ya 30 mg kwa gramu (karibu 3 kwa mmol) ni wa kawaida. Kati ya 30 na 300 umeshapanda, na mkojo bado unaweza kuonekana safi kama maji. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora kwa kipimo hiki. Homa, mazoezi mazito ya jana yake, maambukizi ya njia ya mkojo na hedhi vinaweza kupandisha namba kwa muda, kwa hiyo majibu mabaya hurudiwa kabla mtu hajaitwa mgonjwa.

Ni lazima nifunge kula kabla ya kupima mafuta?

Kwa kipimo cha kwanza mara nyingi si lazima. Trigliseridi ikitoka juu sana, zaidi ya 4.5 mmol/L, utaambiwa urudi asubuhi bila kula, kwa sababu hapo hata hesabu ya LDL huwa haiaminiki. Ikipita 10 si habari ya figo tena. Kongosho liko hatarini na matibabu hayasubiri.

Dawa za statini zitaniharibu figo? Au zitazitibu?

Wengi wanaoziogopa wamesikia habari ya misuli kuyeyuka na kuziba figo. Tukio hilo lipo lakini ni nadra sana. Ukipata maumivu makali ya misuli na mkojo mweusi kama chai ya rangi, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo. Nje ya hapo, statini hazijaonyesha kuziua figo.

Kuzitibu ni jambo lingine. Utafiti mkubwa uitwao SHARP, uliotolewa mwaka 2011, uliwafuatilia watu zaidi ya 9,000 wenye ugonjwa wa figo. Waliopewa simvastatini (aina ya statini) pamoja na ezetimibu, dawa nyingine ya kushusha lehemu, walipata matukio makubwa ya mishipa ya moyo na ubongo pungufu kwa karibu moja ya sita. Lakini mwendo wa figo kuelekea kufeli haukupungua kwa maana. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilisikitika, kisha nikaelewa umuhimu wake: mgonjwa wa figo yuko kwenye hatari kubwa ya kufa kwa moyo kabla hata figo hazijafeli, kwa hiyo dawa inayoulinda moyo wake bado ni dawa yake. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa inashauri statini kwa watu wa miaka 50 na kuendelea wenye eGFR chini ya 60. Kwa aliyekwisha kuanza kusafishwa damu kwa mashine, haianzishwi upya kwa kawaida, ila aliyekuja nayo huendelea nayo.

Fenofibrati, dawa ya trigliseridi, hupandisha kreatinini kidogo. Mara nyingi hushuka ukiiacha. Mwambie daktari kama unaitumia kabla hajaisoma karatasi yako.

Nipunguze kilo ngapi ili figo zipate nafuu?

Habari hii ni nzuri kuliko watu wanavyotarajia. Huhitaji kurudi ulivyokuwa na miaka 20. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunatosha kushusha presha, trigliseridi na protini kwenye mkojo. Kwa mwenye kilo 90 hiyo ni kilo 4.5 hadi 9. Katika utafiti wa Look AHEAD wa Marekani, watu wenye kisukari cha aina ya 2 na uzito mkubwa waliosimamiwa kwa karibu katika chakula na mazoezi walipata ugonjwa mkali wa figo kwa kiwango pungufu kwa karibu asilimia 31 kuliko wenzao.

Mafuta ya ndani huwa wepesi kuondoka kuliko yale ya chini ya ngozi. Unaweza kuona kilo hazijasogea sana huku futi imeshasoma sm 3 pungufu. Usikate tamaa kwa sababu ya mizani. Kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki ni mwanzo mzuri. Mazoezi ya kulala na kuinuka huimarisha misuli ya tumbo, lakini hayachagui mafuta ya hapo yaondoke.

Vipi dawa za asili, chai za kupunguza tumbo na mikanda?

Mkanda hubana tu. Ukiuvua, tumbo liko palepale.

Kuhusu dawa, naomba usome hili kwa utulivu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakihudhuria kliniki ya kupunguza uzito walipewa vidonge vyenye mitishamba. Mmea mmoja ulikuwa umechanganywa kimakosa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, wenye sumu. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, wengi wao hadi kuhitaji mashine au kupandikizwa figo nyingine, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo. Walikwenda kutafuta kiuno. Dawa yoyote ambayo haijaandikwa kilichomo ndani usiiweke mdomoni, hata kama aliyekupa ni ndugu yako na anakutakia mema.

Na si mitishamba pekee. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu hununua kwa maumivu ya magoti yaliyochoshwa na uzito, hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Zikimezwa kila siku, hasa pamoja na dawa za presha na za kukojosha, zinaweza kuangusha figo.

Nimesikia kuna sindano za kupunguza uzito zinazosaidia figo. Ni kweli?

Kwa kundi fulani, ndiyo. Utafiti wa FLOW uliotolewa mwaka 2024 ulihusisha watu 3,533 wenye kisukari cha aina ya 2 na ugonjwa sugu wa figo. Waliochomwa semaglutaidi mara moja kwa wiki walipata madhara makubwa ya figo au kifo cha moyo pungufu kwa asilimia 24. Kundi lingine ni vidonge kama dapagliflozini na empagliflozini, vilivyoanza kama dawa za kisukari na sasa hutolewa kwa wagonjwa wengi wa figo hata wasio na kisukari, kwa sababu hupunguza ule msukumo ndani ya vichujio. Zote zinahitaji daktari na vipimo. Usianze kwa kununua mtandaoni.

Nile nini?

Anza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja kidogo cha chai kwa yote, pamoja na ile iliyojificha kwenye vyakula vya pakiti. Kisha vinywaji vya sukari na pombe, kwa sababu hivyo viwili hupandisha trigliseridi upesi kuliko mayai yanayoogopwa na wengi.

Tahadhari mbili. Chumvi mbadala nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, na figo iliyochoka haiwezi kuitoa. Ikirundikana huweza kusimamisha moyo. Pia mlo wa protini nyingi wa kukata kilo haraka huziongezea figo mzigo wa kuchuja. Kwa mwenye ugonjwa wa figo, karibu gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito zinatosha.

Kwetu kuna watu wa figo wengi. Kitambi changu kina uzito zaidi?

Pengine. Mwaka 2010 watafiti waligundua aina mbili za jeni iitwayo APOL1, zinazopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi, ambazo huongeza hatari ya ugonjwa wa figo. Kinachonigusa ni kwamba protini ya jeni hiyo husafiri kwenye damu ikiwa imepanda chembe za HDL, na kazi yake ni kuua vimelea vya malale. Kinga ya mababu imekuja na gharama yake. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye mwenye hatari kubwa zaidi, na hata yeye anaweza asiugue kamwe. Jeni huibadilishi, kiuno na presha unaweza.

Nimesikia wagonjwa wanaosafishwa damu wakiwa wanene huishi zaidi. Kwa nini basi nipungue?

Takwimu hiyo ipo. Kwa watu walio kwenye mashine, uzito mkubwa huambatana na kuishi zaidi, kwa sehemu kwa sababu waliokonda wengi wao wamekondeshwa na ugonjwa na misuli imeisha. Lakini wagonjwa haohao wakipimwa kiuno, picha hugeuka: kitambi kikubwa huambatana na vifo zaidi. Akiba inayosaidia ni ya misuli. Kwa mtu ambaye bado hajafika kwenye mashine, takwimu hii haimhusu.

Nirudie vipimo baada ya muda gani?

Mwenye kitambi pamoja na presha, kisukari au trigliseridi ya juu apime eGFR, albumini ya mkojo na mafuta kila mwaka. Albumini ikisoma 30 au zaidi, au eGFR ikiwa chini ya 60, rudia ndani ya miezi 3. Ukivimba uso asubuhi au miguu jioni, ukikojoa kidogo sana, au ukishindwa kupumua unapolala, usisubiri tarehe ya kliniki; nenda siku hiyo. Na beba karatasi zote za zamani, hata zilizochakaa, kwa sababu daktari anataka kuona namba zimetembea vipi kutoka mwaka hadi mwaka.